Shajara ya mradi: kusafisha slaidi za rangi nyumbani, Lamu

Desemba, kaskazi ikianza

Mradi huu una lengo moja: kupata slaidi za rangi za milango ya nakshi ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, na za vyumba vya ndani vya nyumba za mawe, zilizopigwa kwa filamu ya milimita 35 na kusafishwa, yaani kutolewa picha kwa dawa, hapahapa Lamu, bila kupeleka filamu yoyote ng'ambo. Nimechagua slaidi badala ya negativu kwa sababu filamu ile ile iliyokaa ndani ya kamera ndiyo inayogeuka kuwa picha yenyewe. Negativu haina budi kuchapwa, na mchapaji ana uhuru wa kupunguza wekundu hapa na kuongeza mwanga pale. Slaidi haina wa kuitetea. Ukiiinua mbele ya dirisha ukaiona rangi ya mbao, hiyo ndiyo rangi iliyopita kwenye lenzi, pamoja na kila lililotendeka ndani ya tangi la kusafishia.

Wapo wanaosema kwamba kazi hii haifanyiki nyumbani. Nadhani wanaikumbuka Kodachrome, na kwa Kodachrome wana haki. Filamu hiyo, waliyoibuni Leopold Mannes na Leopold Godowsky na ikaingia sokoni mwaka 1935, haikuwa na viini vya rangi ndani yake; rangi zote tatu zilitiwa wakati wa kusafisha, kila moja kwa dawa yake, katika mitambo ambayo mtu binafsi hawezi kuwa nayo. Maabara ya mwisho iliyoendelea nayo, Dwayne's Photo ya Kansas, ilipoacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa mwaka 2010, zilizosalia kwenye makabati ya watu zikakosa wa kuzisafisha kwa rangi. Ektachrome, iliyotoka mwaka 1946, ilijengwa kwa njia nyingine: viini vya rangi vimo tayari ndani ya matabaka ya filamu, na kazi ya msafishaji ni kuviamsha. Njia inayotumika leo, E-6, ilianza mwaka 1976, nayo ndiyo inayosafisha Ektachrome E100 iliyorudi sokoni mwaka 2018, na vilevile Provia na Velvia za Fujifilm.

Kwa kuwa nitairejea E-6 mara nyingi, ninaieleza hapa mara moja. Filamu ina matabaka matatu yanayohisi mwanga: la juu huhisi buluu, la kati kijani, na la chini nyekundu. Dawa ya kwanza ni dawa ya picha nyeusi na nyeupe tu. Huzigeuza chembe za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi, na hivyo kutokeza negativu isiyo na rangi katika kila tabaka. Baada ya hapo chembe zilizobaki, ambazo mwanga haukuzifikia, hufanywa kwa kemikali ziwe kama zilizomulikwa. Dawa ya rangi ikiingia huzigeuza chembe hizo nazo kuwa fedha, na ile sehemu ya dawa iliyotumika kwa kazi hiyo huungana na viini na kufanya rangi: manjano katika tabaka la juu, majenta katika la kati na sayani katika la chini. Mwishowe fedha yote, ya mara ya kwanza na ya mara ya pili, huondolewa, na kinachobaki kwenye filamu ni rangi tupu. Maabara kubwa zina dawa ya kila hatua peke yake. Kasha la nyumbani hufupisha mambo kuwa dawa tatu, yaani dawa ya kwanza, dawa ya rangi na bliksi, ambayo huondoa fedha kwa mkupuo mmoja, na nyuma yake dawa ya kumalizia.

Katika hizo zote, ni dawa ya kwanza pekee inayosimamishwa njiani. Dawa ya rangi na bliksi hufanya kazi mpaka kazi iishe, na dakika moja ya ziada haizidhuru sana. Dawa ya kwanza ikipewa muda mfupi, au ikiwa baridi, slaidi hutoka nyeusi. Ikipewa muda mrefu au ikiwa na joto la kupita kiasi, slaidi huparara. Kipimo chake ni kama dakika 6 kwa nyuzi 38 za Selsiasi, na Kodak inavumilia tofauti ya takriban nyuzi 0.3 tu juu au chini. Mradi huu wote, ukiuondolea mapambo, ni wa hizo dakika 6 na hizo nyuzi 38.

Januari

Chumba nilichochagua ni ndani, yaani chumba cha mwisho kabisa cha nyumba ya shangazi yangu, nyuma ya misana miwili, vile vyumba virefu vya mbele, mahali ambapo kuta za matumbawe zina unene wa nusu mita na zaidi. Waliojenga nyumba hizi walitaka sitara, na mimi nimepata giza. Nikishafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa mkeka, naweza kukunja filamu kwenye gurudumu la tangi mezani, bila kuhangaika na mfuko mweusi ambao, kwa unyevu wa pwani, hugeuka kuwa jiko la mvuke. Mikono ikitoka jasho ndani ya mfuko, filamu hunata kwenye gurudumu na kukataa kuingia.

Zidaka za ukutani zimechukua chupa. Dawa ya kwanza imekaa kidaka cha juu kushoto, dawa ya rangi cha kati, na bliksi nimeiweka ukuta wa pili kabisa, pamoja na faneli yake na kikombe chake cha kupimia. Tone la bliksi likiingia katika dawa ya kwanza, dawa hiyo si ya kutumainiwa tena, na hakuna jicho linaloweza kuliona tone hilo. Kila chupa imejazwa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, maana hewa ndiyo inayochakaza dawa za kusafishia, na joto la hapa huiharakisha kazi hiyo. Bliksi hutoa gesi kidogo katika siku za mwanzo baada ya kuchanganywa, kwa hiyo mfuniko wake haukazwi.

Kwa joto ninatumia sanduku la barafu la wavuvi, lile la plastiki lenye kuta nene, likiwa na maji yapatayo lita 20, na ndani yake kipashio cha umeme chenye pampu ndogo, cha aina wanayotumia wapishi wa hoteli kupikia nyama ndani ya mifuko. Chupa na tangi husimama humo shingo zikiwa nje. Hapa Lamu ina faida ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawana. Chombo chenye joto hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati yake na hewa iliyokizunguka. Chumba cha nyuzi 20 kina tofauti ya 18 na dawa; ndani kwetu, wakati wa kaskazi, hewa ina nyuzi 30, na tofauti ni 8. Tangi langu linapotolewa majini ili lipinduliwe, linapoteza joto kwa kasi iliyo chini ya nusu ya ile ya tangi la mtu aliyeko London. Maji ya mfereji nayo hutoka yakiwa na nyuzi 28 au 29. Njia ya E-4, iliyotangulia E-6, ilifanya kazi kwa nyuzi 29.4, yaani karibu kabisa na joto la maji yetu yanavyotoka bombani, na ningeipenda kwa hilo kama isingekuwa kwamba dawa yake ya kugeuza picha ilikuwa sumu kali.

Januari, maji

Maji yamenichukulia muda kuliko jambo lolote jingine, na sijutii. Mji wa Lamu hunywa maji yaliyo chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, ambako mvua huchujwa na kukaa kama tabaka jembamba la maji baridi juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kwa kiasi huwa matamu. Mji unapoyavuta zaidi, chumvi hupanda. Visima vya mitaani ni hadithi nyingine. Shangazi aliponiona nikiteka cha uani alinizuia: "Mai ya kisima yana munyu, mwanangu. Kwa dawa zako teka ya mvua." Hakuwa amesikia neno lolote kuhusu E-6, ila jibu lilikuwa sahihi.

Sababu ni kwamba dawa ya kwanza ina chumvi zake zilizopimwa, zikiwemo bromidi, kiasi kidogo sana cha iodidi, na thiosayaneti, na hizo ndizo zinazoizuia au kuichochea kwa kiwango kilichokusudiwa. Maji yanayokuja na chumvi zake mwenyewe yanaingilia hesabu hiyo. Tena nchi yetu ni ya matumbawe, na maji yaliyopita kwenye matumbawe hubeba chokaa. Chokaa hiyo hukutana na dawa kali za alkali na kufanya weupe unaotuama chini ya chupa, na baadaye huacha madoa ya duara kwenye filamu iliyokauka.

Basi nimegawa maji mafungu matatu. Ya kuchanganyia dawa, na ya kumalizia, ni maji ya betri yanayouzwa kwa wenye mashine za maboti, ambayo ni maji yaliyotoneshwa tu. Anayenunua ahakikishe kwamba kibuyu ni cha maji na si cha asidi, kwa kuwa dukani vyote viwili hukaa rafu moja. Ya kusuuzia kati ya dawa na dawa ni ya mfereji, yaliyochemshwa, yakaachwa yatuame, kisha yakachujwa kwa kitambaa cha melimeli. Ya kujaza sanduku la joto yanaweza kuwa ya kisima, kwa sababu hayaigusi filamu. Maji ya kusuuzia hupashwa moto pamoja na dawa, kwani maji ya kusuuza yaliyo baridi yanalipoza tangi, na dawa ya rangi inayoingia baadaye hukuta tangi limeshuka.

Mwisho wa Januari, jaribio

Sikuanza na mlango. Nilipiga kipande kifupi cha filamu ya ISO 100 kwa ajili ya kipimo tu: kadi ya kijivu, kanzu nyeupe na buibui jeusi, vyote vimetundikwa kwenye kamba moja kiwandani, yaani ule ua ulio wazi wa nyumba, saa nne asubuhi jua likiwa limeshaingia. Kanzu inaeleza kama weupe umeungua, buibui linaeleza kama weusi una kina, na kadi inaeleza kama kuna rangi iliyopanda juu ya nyingine. Slaidi haina huruma kwa mwangaza; nusu stopu inaonekana kwa macho, na stopu nzima, yaani mwanga mara mbili au nusu yake, ni hasara.

Kipande kilitoka na picha safi, rangi zimekaa pamoja, lakini chote kilikuwa kizito, kama kimepigwa machweo. Pembe za filamu, zile sehemu ambazo mwanga haukuzigusa, zilikuwa nyeusi tii, na hilo ni jambo jema, maana katika slaidi pembe hutakiwa kuwa nyeusi. Zingekuwa za hudhurungi au kijani ningeshuku dawa kuingiliana. Kamera nayo niliipima kwa kipimamwanga cha mkononi na zikaafikiana. Kilichobaki ni dawa ya kwanza, na ndani ya dawa ya kwanza vimebaki viwili tu, saa na joto. Saa haikuwa na tatizo.

Februari

Joto lilikuwa na tatizo. Kipimajoto nilichokuwa nikikitumia ni cha jikoni, na karatasi yake inadai usahihi wa nyuzi 1, ambao kwa biriani unatosha. Nikakumbuka kwamba duka lolote la dawa huuza kipimajoto cha homa, ambacho hakisomi chini ya nyuzi 32 au juu ya 43 hivi, ila katikati ya hapo ni sahihi kwa nyuzi 0.1, na nyuzi 38 ni joto la mtu mwenye homa ndogo. Hakuna chombo cha bei hiyo kinachofaa zaidi kwa E-6. Nilikiweka majini pamoja na cha jikoni, ncha kwa ncha, pampu ikizunguka. Cha jikoni kilionyesha 38.0, cha homa kilisema 37.2. Kipashio chenyewe kilikuwa kinaamini ni 37.9. Vitu vitatu, kauli tatu.

Nimekipa cha homa mamlaka. Hivi sasa kipashio kimepangwa kwa nyuzi 38.7 ya kwake, na maji yanasoma 38.0 ya kweli ndani ya chupa ya dawa, si ndani ya sanduku pekee; kati ya maji ya nje na dawa ya ndani kuna dakika nyingi za kungoja, hasa chupa ikiwa ya kioo. Kipande cha pili, chenye kanzu ile ile na buibui lile lile, kilipanda mwanga kiasi nilichokuwa nakitafuta, na mikunjo ya kanzu begani ikabaki na uzi wake. Sasa kadi ya kijivu ni kijivu.

Hapa ndipo pa kueleza namna tangi linavyogeuzwa, kwa kuwa nalo linaingia katika hesabu. Tangi lenyewe tupu hukaa majini kwa dakika kadhaa kabla ya dawa kuingia. Dawa ikishamiminwa, ninaligonga tangi mara mbili juu ya kitambaa ili mapovu yaachie filamu, ninalipindua mfululizo kwa sekunde 15 za mwanzo, kisha mara nne kila nusu dakika, na kati ya hapo linarudi majini. Umwagaji huanza sekunde 10 kabla ya muda kwisha, kwa sababu dawa inaendelea kufanya kazi wakati inatoka. Mtu anaweza kuchagua mwendo mwingine na akafaulu. Kinachotakiwa ni mwendo huo huo usibadilike kutoka filamu hata filamu, ili inapotokea tofauti, ajue haitoki mikononi mwake.

Februari, milango

Upigaji umeleta maswali yake. Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba kiasi kwamba jua huingia moja kwa moja karibu na saa sita mchana tu, kwa kuwa hapa tuko nyuzi 2 kusini mwa ikweta na jua hutupita utosini. Wakati huo nusu ya mlango huwa juani na nusu kivulini, na filamu ya slaidi haiwezi kubeba zote mbili: ukipimia jua, nakshi ya kizingiti inazama gizani, ukipimia kivuli, chokaa ya ukuta inaungua na kuwa filamu tupu. Nimeacha kupiga saa hiyo. Ninapiga kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu, au alasiri, kichochoro chote kikiwa kivulini na nuru ikirudi kutoka ukuta wa upande wa pili.

Kivuli hicho kina rangi. Nuru yake inatoka angani wala si juani, na filamu ya mchana imetengenezwa kwa nuru ya karibu kelvini 5500, basi mbao ya mbambakofi iliyo nyekundu-kahawia hutoka kama imepakwa wino. Kichujio cha 81A kinaondoa sehemu kubwa ya ubuluu huo. Katika vichochoro ambamo ukuta wa mkabala umepakwa chokaa hivi karibuni na unapigwa na jua kwa juu, kichujio hakihitajiki kabisa, kwa sababu chokaa huirudisha nuru ikiwa na ujoto wake. Kipimamwanga ninakielekeza kamera iliko, nikikishika mbele ya mlango, ili kipime nuru inayouangukia. Kikielekezwa mlangoni kinadanganywa na ukuta mweupe na kuamuru mwanga mdogo.

Punda ni subira tu. Wakibeba matofali ya matumbawe hupita katikati ya picha kwa mwendo wao, na shata ya robo sekunde haiwezi kuwavumilia.

Machi

Filamu nzima ya kwanza ya milango imesafishwa, na umeme ulikatika katikati ya dawa ya kwanza, karibu na dakika ya tatu. Hili nilikuwa nimelitarajia kwa kuwa linatokea mjini bila kupiga hodi, na ndiyo sababu nilichagua sanduku kubwa la maji badala ya beseni. Lita 20 za maji zenye nyuzi 38 katika chumba chenye nyuzi 31 hazina haraka ya kupoa. Nilifunika sanduku, nikaendelea kwa taa ya betri, kwa kuwa tangi likishafungwa halijali mwanga, na dawa ya kwanza ilipotoka maji yalisoma 37.9. Umeme ulirudi nikiwa katika bliksi. Sioni alama yoyote ya tukio hilo kwenye picha.

Filamu inapotoka kwenye bliksi mara ya kwanza hupaswi kuihukumu. Ikiwa mbichi ina ukungu wa maziwa, rangi zimepauka na zina ubuluu, na aliyezoea negativu hudhani ameharibu kazi. Inapokauka, ukungu unaondoka kuanzia ukingoni kuelekea kati, na weusi unashuka mahali pake. Niliketi nikiitazama picha ya mlango mmoja wa karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ikipita hali hiyo: kwanza yalitokea maduara ya nakshi kwenye nguzo ya kati, yakafuata mashina ya maua, na mwisho kabisa ufa mwembamba wa mbao unaopita chini ya komeo, ambao nilipokuwa naupiga sikuuona.

Kukausha ndiko kunakonipa shida sasa. Chokaa ya kuta za zamani humwaga vumbi laini kila mara, na gelatini ya filamu ikiwa mbichi ni gundi. Nimetundika filamu chooni, baada ya kumwagia sakafu na kuta maji, na mlango ukafungwa kwa saa kadhaa. Vumbi limepungua sana. Mbu hajapungua, mmoja ameacha miguu yake yote na bawa moja kwenye anga ya picha nzuri kuliko zote za roli hiyo, na kumtoa ni kung'oa rangi pamoja naye. Chandarua cha mtoto, kile cha kukunjua kama mwavuli, kimeshanunuliwa.

Dawa zilizochakaa hazimwagwi mferejini. Mifereji yetu inaishia ukingoni mwa bahari, wanakochezea watoto na kufungia mashua, na bliksi iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka. Ninaikusanya katika ndoo yenye mfuniko, ninatia ndani yake sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, na chuma kinachukua nafasi ya fedha: fedha inatuama kama tope la kijivu na kuweza kuchujwa. Dawa ya rangi nayo inataka glavu kila mara, bila ubishi, kwa sababu kiini chake kinaweza kuifanya ngozi isiivumilie tena daima. Hakuna chombo cha kazi hii kinachorudi jikoni. Shangazi ametia alama ya rangi nyekundu kwenye jagi zangu, na wajukuu wake wameshafundishwa maana yake.

Aprili, masika

Mvua zimeanza na jabia la jirani limejaa. Ninatumia maji yake kusuuzia, yakiwa yamechujwa, na madoa ya chokaa yametoweka kabisa. Unyevu nao umepanda, na slaidi hazipendi unyevu, kwa kuwa gelatini ni chakula cha kuvu. Zilizokwisha kutiwa fremu zimewekwa katika kopo la bati lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika jeli, ambavyo ninavikausha tena juu ya sufuria kavu vinapobadilika rangi. Filamu ambazo hazijapigwa zipo kwenye jokofu ndani ya mfuko uliofungwa, na hutolewa saa chache kabla ya kufunguliwa, zisije zikatokwa jasho.

Projekta imewashwa kwa mara ya kwanza kwenye ukuta wa msana wa ndani, uliopakwa chokaa mpya. Nilimwalika fundi mmoja wa milango, mzee wa Langoni, aje aangalie kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye anazijua rangi za mbao hizo kavu kwa mbichi. Aliangalia mlango wa tatu kwa muda mrefu, akaomba nirudishe wa pili. "Ule mbao zimetiwa mafuta," akasema, "na huu hazijatiwa. Lakini hapa kwako huu usiotiwa mafuta ndio uliozidi wekundu, bwana." Alikuwa na haki: mlango wa pili ulipigwa alasiri, ukuta wa mkabala ukiwa juani, nami nilikuwa nimeacha kichujio cha 81A kwenye lenzi. Utapigwa tena bila hicho. Kuhusu mingine hakuwa na neno, isipokuwa kwamba fremu mbili zimeingizwa kinyume na nakshi inasomeka kutoka upande usio wake.

Kasha la dawa limefikia nusu ya uwezo wake. Dawa ya kwanza inapungua nguvu kila filamu inapopita, na maelekezo ya kasha yanataka muda uongezwe kadiri inavyotumika. Kipande cha kanzu na buibui ndicho kitakachoniambia kama nyongeza hiyo inatosha kwa dawa iliyokaa katika joto la hapa tangu Januari. Kabla ya filamu inayofuata, ambayo ni Provia ya ISO 100 kwa ajili ya zidaka na plasta za ndani, kipande kitasafishwa kwa dakika 6 na sekunde 30. Kanzu ikitoka nzito, nitaongeza sekunde 15; buibui likianza kupoteza weusi, kasha hili litakuwa limemaliza kazi yake na nitachanganya jipya.